Mkono wa Fundi na Waya wa Njano

3 Machi
Daftari hili lilikuwa la karakana. Kila ukurasa una safu tatu ambazo mume wangu alizipiga kwa rula: KIFAA, UGONJWA, TIBA. Kurasa za mbele zimejaa mwandiko wake mdogo ulionyooka, pasi za watu, redio za watu, runinga za watu. Kurasa za nyuma ni tupu tangu Novemba, siku alipoanguka kutoka kwenye kiti chake cha kazi, pasi ya risasi, ile ya kulehemu nyaya, ikiwa bado mkononi. Kiharusi, upande wa kulia. Kwa kuwa karatasi hazipaswi kupotea bure, nimezichukua mimi.

Mtaa mzima unamwita Fundi, nami namwita hivyo hivyo, hata tukigombana. Anatembea kwa fimbo. Anaongea polepole lakini anaeleweka. Kilichobaki ni mkono. Mwenye jengo la karakana anataka jibu kabla ya mwisho wa Mei: Fundi anatia sahihi ya mwaka mwingine, au anampisha mtu mwingine. Fundi amemjibu, "Nitausikiliza mkono." Basi nyumba nzima tunausikiliza mkono.

6 Machi
Dada wa mazoezi kutoka hospitali amekuja. Amemkunja na kumnyoosha vidole, kisha akauliza kama kuna kitu anachokipenda kinachotumia kidole gumba. Fundi akacheka kwa mara ya kwanza mwaka huu. Akanituma juu ya kabati nikashushe mashine yake ya gemu, ile ya kijivu aliyoinunua kabla hatujaoana, na kaseti ya sungura anayeruka mashimo. Zamani nduguze wote walikuwa hawamuwezi kwa sungura huyo.

"Kidole gumba cha kulia ndicho kinachorusha," akamweleza dada wa mazoezi, kama anayefundisha darasa.

"Basi hicho ndicho kipimo chetu," dada akasema. "Nusu saa kila jioni. Siku ukivuka mashimo yote, unaweza kushika pasi yako ya risasi."

Natamani asingesema maneno hayo ya mwisho. Fundi akishika neno halitoki.

8 Machi
Mvua ya kwanza. Na shemeji.

Shemeji ni mdogo wake Fundi, wa mwisho kwao. Ana banda la gemu lililopakana na karakana yetu, ukuta mmoja tu katikati. Leo ameingia na runinga mpya bapa begani kama mtu aliyebeba jeneza, akifuatwa na majirani wawili waliokuja kushangaa. "Kaka hawezi kuugua huku anatazama kichogo," akasema. Akaitundika, akaunganisha mashine ya zamani kwa waya wake wa njano, mweupe na mwekundu kwenye kiboksi kidogo cha plastiki, kiboksi kwenye runinga. Picha ikaja. Tukapiga makofi.

TV yetu ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, ilikuwa imekaa sebuleni kama mgeni asiyeaga. Nilikuwa nimeichoka, naungama. Nikamwambia shemeji aibebe, akaitupe anakojua. Akaibeba. Nimepata nafasi ya kabati la vyombo. Mungu ampe maisha marefu. (28 Mei: mstari huo wa mwisho nimeukata, lakini bado unasomeka.)

9 Machi
Sungura ameanguka shimo la kwanza. Mara kumi na moja.

10 Machi
Shimo la kwanza tena.

13 Machi
Anaona shimo linakuja, anabonyeza, sungura anasubiri kama anafikiria, kisha anaruka akiwa tayari yuko hewani kuelekea chini. Fundi anakitazama kidole chake. Shemeji alikuwepo, akatikisa kichwa kwa huruma. "Taratibu, kaka. Usijilazimishe." Nikamwambia acheze yeye atuonyeshe. Akasema ana haraka, banda halina mtu.

Nikajaribu mimi. Nimeanguka mara saba mfululizo. Fundi akasema, "Wewe angalau hujawahi kujua." Ameniuma.

16 Machi
Mvua.

18 Machi
Nimeamua kwamba tatizo ni picha. Haieleweki: sungura ana ukungu, kingo za shimo zinayeyuka, rangi nyekundu inamwagikia pembeni kama wanja wa mtu aliyelia. Mtu atarukaje asichokiona? Mimi ni mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, sijui mambo ya nyaya, lakini macho ninayo.

Kutoka kazini nikapitia kwa mama wa waya. Ana kiduka chembamba kilichojaa nyaya zilizoning'inia mpaka unapita kwa kuinama, na miwani yake imefungwa kwa kipande cha waya wa simu. Akaniuliza, "Gemu ni ya nani?"

Nikasema ni ya watoto.

Kwa nini nilisema hivyo? Watoto wetu ni watu wazima na wako mbali. Lakini Fundi alikuwa ndiye anayemtengenezea mama huyu vifaa vyake, na sikutaka aende kuwaambia watu kwamba Fundi sasa anacheza na sungura. Nikasema, "Ni ya watoto, nataka picha nzuri."

Akaniuzia waya mnene wenye vichwa vya rangi ya dhahabu. Alisema mwenyewe kwamba tofauti ni ndogo. Sikumsikiliza.

19 Machi
Tofauti ni ndogo.

25 Machi
Nimerudi kwa mama wa waya. Amenipa waya wa kichwa cha mviringo chenye meno manne, pamoja na kiboksi kinachoupokea. Huu, alinieleza, unatenganisha rangi na mwanga, havipigani njiani. Ni kweli. Ukungu umeondoka. Masharubu ya sungura yanaonekana moja moja.

Fundi alicheza nusu saa. Mara moja tu alivuka shimo la kwanza, na nadhani alibahatisha. Akaweka padi ya kuchezea chini vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. "Picha nzuri sana," akasema. "Sasa naona vizuri jinsi ninavyochelewa."

26 Machi
Hakucheza.

27 Machi
Hakucheza. Nimemkaripia. Amecheza dakika kumi kwa ajili yangu.

2 Aprili
Paa la jikoni linavuja. Shemeji amekuja kuziba, lazima niseme haki. Alipomaliza alikaa na kaka yake wakanywa chai, na nikamsikia akisema, "Kaka, hakuna aibu. Umefanya kazi miaka ishirini na sita. Karakana ukiniachia mimi haitoki kwenye ukoo." Fundi akajibu, "Mpaka mwisho wa Mei." Shemeji akasema, "Bila shaka, bila shaka," mara nne. Nilizihesabu.

11 Aprili
Leo tumecheka.

Mama wa waya aliniambia kwamba juu ya vyote kuna waya wa meno ishirini na moja, ambao ndani yake nyekundu, kijani na bluu kila moja ina njia yake. Yeye hakuwa nao, barabara ya mizigo imekatwa na maji. Nikaupata kwa mchuuzi wa sokoni, na kiboksi chake kikubwa zaidi. Nikauleta kama bibi harusi. Picha ikawa mbaya kuliko ya mwanzo!

Fundi akaugeuza kile kichwa kwa mkono wa kushoto, akakitikisa sikioni. "Lete bisibisi," akasema. "Fungua wewe. Kushoto kwanza." Nikakifungua. Meno ishirini na moja nje, na ndani kumelehemiwa nyaya tatu tu: mbili za sauti, moja ya picha, ile ile ya njano ya siku zote. Mengine yote ni pambo.

Alicheka mpaka fimbo ikaanguka. "Mke wangu," akasema, "umeuziwa koti lisilo na mtu." Kisha akaniambia nilete mita ya kupimia umeme na pasi ya risasi, akanielekeza nilehemu zile njia tatu za rangi, moja moja, pumzi yake shingoni mwangu. "Usiiunguze. Gusa, hesabu mbili, ondoa." Niliunguza mbili. Ya tatu, uvumilivu ulimwishia. Alichukua pasi kwa mkono wa kulia, akagusa, akahesabu mbili, akaondoa. Tone la risasi likakaa pale limeng'aa. Hakuona alichofanya. Alikuwa anaukaripia waya.

Mimi niliona. Nilipaswa kupiga kelele. Nilinyamaza ili nisiuvuruge wakati mzuri, na baadaye jioni ikapita.

12 Aprili
Picha safi kuliko ninavyoweza kueleza. Sungura alianguka shimo la kwanza mara kumi na nne.

13 Aprili
Nilimwambia, "Juzi ulilehemu." Akasema, "Kitu kilichosimama kinamsubiri mtu. Mteja hasubiri." Nikamwambia hilo halina maana. Akasema lina maana.

20 Aprili
Mvua. Nguo hazikauki. Shemeji ameleta ndizi.

29 Aprili
Dada wa mazoezi ameandika kwamba nguvu ya kidole imerudi kiasi cha kuridhisha. Fundi akamwonyesha sungura akianguka. Dada naye akakunja uso, akasema labda ni mawasiliano kati ya kichwa na mkono, labda hayo hayarudi. "Labda" mbili. Fundi alizisikia kama hukumu.

8 Mei
Hataki tena nimnunulie waya. "Acha kuupamba ugonjwa," amesema. Mwanaume huyu kwa miaka yote aliwaambia wateja neno moja: kabla hujalaumu mashine, shuku waya, shuku soketi, shuku kioo. Sasa ukimgusia waya anafunga macho.

Nami nimeanza kumwamini. Naandika hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu ni baya. Leo nilimkatia nyama kwenye sahani kabla hajaomba.

17 Mei
Mvua imepungua. Shemeji amekuja na futi ya kupimia, akapitia hapa kusalimia. Sikuuliza anapima nini.

24 Mei
Fundi ametia sahihi ya kumwachia shemeji karakana.

Hakusubiri mwisho wa mwezi. Mwenye jengo alikuja na karatasi, shemeji amevaa shati la kwendea harusini. Nilisema, "Ngoja wiki moja." Fundi akasema, "Mkono umeshasema." Akachukua kalamu kwa mkono huo huo wa kulia, akaandika jina lake lote, na ile mikia yake miwili chini ya sahihi. Haikutetemeka hata kidogo. Mwenye jengo alisifu mwandiko. Shemeji alimkumbatia kaka yake na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, nilikuwa karibu. Kisha akaenda kubadilisha kufuli.

Fundi aliomba aachiwe mita yake. Shemeji akasema, "Kaka, zana zote ni zako!" Akaleta mita. Nyingine hazijaja.

28 Mei
Jua siku nzima. Leo nitaandika yote, mkono wangu uchoke ukipenda.

Mchana nilikwenda kwa mama wa waya kumrudishia kiboksi kimoja ambacho sikukitumia. Akaniuliza watoto wanaendeleaje na sungura. Sijui ni nini kilinipata. Labda ni kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuficha tena. Nikamwambia ukweli: hakuna watoto, ni Fundi, alipata kiharusi, alikuwa anaupima mkono wake kwa gemu, na mkono umeshindwa.

Akavua miwani. "Umeshindwa vipi?"

"Anachelewa. Anabonyeza, sungura anachelewa kuruka."

"Kwenye TV gani?"

"Bapa. Mpya."

Akamhudumia mteja mwingine harakaharaka, akanirudia. "Mama," akasema, "mbona hukuniambia mkono? Uliniambia picha. Mara tatu umekuja hapa unaniambia picha." Akaninyooshea nyaya zake zote zinazoning'inia. "Hizi ni za macho. Mashine ya zamani ukiiingiza kwenye runinga bapa, kile kiboksi kinaikalia picha kwanza, kinaibadilisha. Halafu runinga nayo inaikalia, inainyoosha, inaipaka rangi, ndiyo inakuonyesha. Kidole kimeshabonyeza zamani. Hata mimi nitaanguka. Hata bingwa ataanguka. Waya uwe wa dhahabu, uwe wa meno mia, hauondoi kuchelewa huko. Hawa wa mabanda ya gemu wanajua wote. Nenda kaangalie pale kwa shemeji yako, kama utaiona bapa hata moja."

Sijawahi kuingia bandani kwa shemeji kwa sababu ya kelele. Leo nimeingia. Runinga tisa, zote za kichogo, zimepangwa mgongo ukutani. Ya tatu kutoka mlangoni kitufe chake cha sauti ni kifuniko cha kalamu ya bluu. Fundi ndiye aliyekibandika kwenye TV yetu mwaka uliovunjika kile cha zamani.

Shemeji akatoka nyuma amefurahi. "Ahaa, shemeji! Leo umekuja kucheza?"

Nikajitia hamnazo. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu mjinga, kwa nini anatumia hizi za zamani wakati siku hizi kuna bapa.

"Bapa hapa?" Akacheka, akaigonga ya tatu mgongoni kama anayempongeza ng'ombe. "Wateja watanichapa! Bapa unabonyeza leo, inaruka kesho. Mashine za zamani bila kichogo hazi..."

Hakuimalizia. Niliona maneno yake yakimrudia usoni moja moja.

"Shemeji," akasema, "kaka alikuwa amechoka."

"Nani alikuambia?"

"Si mwenyewe alisema?"

"Alisema baada ya TV yako kumwambia."

Akatazama wateja wake, akanisogelea, akashusha sauti. Alisema siku ya kwanza hakuwaza, aliwaza zawadi tu. Alisema alikuja kukumbuka wiki ya pili, na wakati huo tayari kaka ameshaanza kusema habari ya kupumzika, na yeye akaona labda ni heri. "Ningemwambia angerudi kazini aanguke tena. Ungependa afie pale kitini?" Alisema hivyo huku amesimama kwenye mlango mpya alioutoboa kuelekea karakana yetu. Nyuma yake niliona meza ya Fundi imegeuzwa, miguu juu.

Sikumtukana. Nilikuwa na matusi mazuri, na sasa nayakumbuka yote. Nilisema tu, "Nataka TV yangu."

"Shemeji, si wewe uliyesema nikaitupe?"

Ni mimi. Hilo halitanitoka.

Mwenye mkokoteni alinisaidia kuifikisha nyumbani. Fundi alikuwa kibarazani. Aliitazama TV, akaona kitufe cha bluu, akanitazama mimi. Niliiweka juu ya kabati la vyombo. Haina soketi ya meno ishirini na moja wala ya mviringo. Ina tundu la njano na jeupe tu. Basi nyaya zangu zote za kifahari zikabaki kikapuni, nikachomeka ule wa kwanza, mwembamba, uliotoka na mashine dukani miaka thelathini iliyopita.

Picha ina ukungu. Rangi nyekundu inamwagika. Nikampa padi mkononi.

Shimo la kwanza alilivuka. La pili, la tatu. Alikuwa amekaa mbele ya kiti, mdomo wazi kidogo, kidole kikipiga na sungura akiruka palepale. La nne alianguka kwa sababu aligeuka kunitazama. Akaanza upya, akavuka saba. Kidole kilichoka, akapumzika, akarudi. Alifika kwenye daraja lililovunjika ambapo nduguze walikuwa wanaishia, akalivuka, akaweka padi mapajani.

Akainamisha kichwa. Nilidhani analia. Alikuwa anafikiri kama fundi, anafuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Alijua?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Nikasema, "Alijua tangu wiki ya pili."

Akatikisa kichwa polepole. "Na mimi? Mimi ndiye fundi wa runinga. Miaka ishirini na sita. Ingekuwa ni mteja ameniletea kesi hii, ningemwambia kabla hajakaa." Akauinua mkono wa kulia, akautazama mbele na nyuma. "Nilikuwa na vitu viwili vya kushuku, mkono wangu na zawadi ya mdogo wangu. Nikashuku mkono."

Nikamwambia tutakwenda kwa mwenye jengo kesho asubuhi. Nikamwambia tutasema kila kitu.

"Tutamwambia nini?" akasema. "Kwamba nilidhani mkono ni mbovu, nikatia sahihi kwa mkono huo huo? Aliuona. Aliusifu."

29 Mei
Nilikwenda peke yangu. Mwenye jengo alinisikiliza kwa adabu, akanionyesha ile sahihi na mikia yake miwili.

30 Mei
Shemeji amepita mbele ya nyumba, hakuingia. Fundi alimwona dirishani. Akasema, "Amekonda," kisha akaniomba chai.

1 Juni
Jua. Nimeishusha ile bapa ukutani, nimeiegemeza kwenye ukumbi ikiangalia ukuta.

2 Juni
Asubuhi nilikuta daftari hili wazi mezani, si pale nilipoliacha. Ukurasa mpya, safu tatu zimepigwa kwa rula, na yeye ndiye aliyeandika.

KIFAA: mkono wa kulia wa fundi.
UGONJWA: hauna.

Safu ya tatu, ya TIBA, ameiacha tupu. Mwandiko ni ule ule wa kurasa za mbele.